Malimbikizo hayalipi kodi ya nyumba ya mwezi huu

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema watumishi wa serikali ya Marekani hawakupoteza kitu serikali ilipofungwa, kwa kuwa sheria ya 2019 inawahakikishia malimbikizo ya mshahara, yaani kulipwa baadaye mshahara uliokwama. Hapana jamani. Serikali ilifungwa, yaani ilikosa bajeti iliyoidhinishwa, kwa siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025. Jirani yangu hapa, mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege, aliendelea kuamka saa tisa usiku kwenda kazini bila kulipwa. Nilimkuta jikoni akiongeza maji kwenye maziwa ya mtoto ili yafike Ijumaa. Iliniuma sana. Mwenye nyumba alitaka kodi yake tarehe ileile. Na wale wafagizi wa ofisi za serikali walioajiriwa na wakandarasi? Sheria hiyo haiwagusi. Malipo ya siku zao hizo yamekwenda.