"Mbloku tu" si jawabu ya polisi

Kuna binti jirani yetu hapa Chake Chake, Pemba, anauza madera na udi Insta, biashara ndogo tu ya kujikimu, sasa kuna mtu kamganda tangu kabla ya Ramadhani. Hamtukani, hamuombi pesa. Anamwandikia "leo mtandio wa kijani umekukaa", jioni "mbona umeshukia Machomane", usiku anamtumia picha ya mlango wa kwao. Akimbloku anarudi na jina jengine, akilibloku na hilo anahamia WhatsApp, hadi shangazi yake kapigiwa simu. Mtoto wa watu hatoki tena peke yake, hata kwenda skuli kumchukua mdogo wake anaogopa.

Akaripoti kule kule kwenye app, wakamjibu eti ujumbe haukiuki viwango vyao. Na kweli ukiusoma mmoja mmoja huoni kitu, mtandio kumkaa mtu kuna ubaya gani? Ndo hapo ninapokasirika mie, maana kumwandama mtu utakuona ukizisoma meseji zote kwa pamoja, na hakuna anayezisoma kwa pamoja. Halafu mtu wa hiyo app aliyeko mbali huko ataambiwa nini kuhusu Machomane? Kwake ni jina la mtaa tu, kwa sie wa hapa huyo mtu anakwambia nakuona.

Basi wakaenda kituoni, kituo sikitaji. Afande swali la kwanza "ni mchumba wako?", la pili "kakutukana?", mwisho akamwambia mbloku tu mwanangu, badilisha namba. Namba yenyewe ndo ya wateja wake! Na haya yote yanasemwa pale kaunta, watu wamejaa wanasikiliza, mama yake kainamisha uso, wakatoka mama anasema bora tulisitiri jambo hili. Sitara naielewa, nimelelewa nayo, lakini hapa anayesitirika ni yule mwanamme.

Sheria ipo jamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na inafanya kazi Zanzibar pia, si ya Bara peke yake kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki ya moyo, adhabu faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Hakuna pahala imeandikwa lazima atukane. Na 2016 kuna mtu Arusha alitiwa hatiani chini ya sheria hii hii kwa kumtusi Rais Facebook, kwa hiyo msituambie watu wa mtandaoni hawakamatiki, akiguswa mkubwa mbona wanakamatika.

Tena laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ilikuwa Januari 2020, namba ya hapa nchini ina jina nyuma yake. Insta ni ngumu zaidi, nakubali, Meta, wenye Insta na WhatsApp, ni kampuni ya Marekani na sheria ya huko ya 1986 haiwaruhusu kutoa yaliyomo kwenye meseji bila amri ya mahakama ya kwao, na njia hiyo ni ndefu. Ila polisi wakiwaandikia kuomba kumbukumbu za akaunti zihifadhiwe, wanaziweka siku 90 wakisubiri karatasi rasmi. Lakini lazima kwanza kituo kiandike, na kila wiki binti anayoambiwa "mbloku tu" ni wiki yule mtu anafuta akaunti na kufungua nyengine.

Wakuu wa vituo, Unguja na Pemba, mtu akija na simu yenye meseji kama hizi mwingizeni Dawati la Jinsia, lile la polisi la kesi za unyanyasaji, fungeni mlango, zitoeni zote kwa tarehe na majina ya akaunti, na ile barua ya kuhifadhi itoke siku hiyo hiyo, habari za mchumba mtauliza baadae. Na nyie mnaoandamwa msifute kitu, hata kama mnaona kinyaa kukaa nacho kwenye simu, piga screenshot ionyeshe jina la akaunti na tarehe kisha mtumie na mtu mwengine unayemuamini akuwekee.