Mwenye nyumba yuko angani

Najua mshaisikia. Yule dereva bajaji keshaimwaga kwenye kila grupu, na kwa maelezo yake nilikutwa na chupi ya ba'mdogo. Wandugu, ilikuwa bukta. Bukta ya mpira! Haya, tusogee.

Ba'mdogo alikuwa Guangzhou kufuata mzigo, mimi nalinda nyumba hapa Mwanga, Kigoma. Akanitumia tiketi: anaondoka Alhamisi 00:30, anatua Addis Ababa 06:00. Kijiweni wakasema kumbe China karibu, masaa matano na nusu tu! Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Nikawapa darasa: saa za tiketi ni za kila uwanja kwake. China wako mbele yetu masaa 5, Addis tuko nao sawa. Ongeza hayo 5, unapata masaa 10 na nusu. Wakabisha. Nikawaletea njia ya pili: ni kama kilomita 8,000, ndege kubwa inakata 900 hivi kwa saa, hapo karibu masaa 9, bado kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka, na upepo wa juu unaoipiga usoni ikitoka mashariki. Kimya. Mzee mmoja akanilipia kahawa. (Mnaocheka mapema, subirini.)

Nikabandika ratiba sebuleni. Addis anaondoka 10:30, Dar 13:20, analala, kesho yake Kigoma, kilomita kama 1,080, masaa mawili hivi. Hesabu safi, kasoro siku. 00:30 ya Alhamisi ni usiku wa kuamkia Alhamisi. Kwetu huku bado Jumatano, saa moja na nusu usiku, watu ndiyo wanatoka kuswali Magharibi. Mimi nikaisoma Alhamisi usiku. Ratiba nzima ikasogea siku moja.

Alhamisi mchana namba ngeni ikapiga mara tatu. Sikupokea. Mnaodaiwa mikopo ya simu mnanielewa.

Ijumaa, saa tano asubuhi. Niko kwenye kiti chake, kile ambacho hata mkewe hakikalii. Bukta yake kiunoni. Mbele yangu ugali na migebuka miwili ya mawese. Tonge nimeshalichovya, liko katikati ya safari kwenda mdomoni, mawese yanashuka kwenye kiwiko.

"Hodi!"

Sikuinuka. Nikatupia jicho ratiba, nikapaza sauti kwa madaha: "Mwenye nyumba yuko angani, saa hizi anaikaribia Kenya. Rudi kesho!"

Kimya. Kimya kile cha mtu anayeshusha begi chini.

"Angani wapi?"

Tonge likaponyoka. Lingeangukia hata sahani, basi. Likatua kwenye bukta, likatulia, mawese yakaanza kusambaa taratibu. Mlango ukafunguka. Akatazama kiti, akatazama sahani, akaitazama bukta, kisha akahamia ukutani, akasoma mstari kwa mstari bila haraka mpaka ule wa mwisho nilioukolezea kwa kalamu nyekundu: JUMAMOSI SAA NNE, BA'MDOGO ANATUA. Nyuma yake bajaji, dereva kanyanyua simu.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Inakutosha?"

Sasa nimehamia kwa bibi, Ujiji. Funguo nimerudisha, kijiweni kahawa najilipia mwenyewe. Bukta kasema nibaki nayo.