Tuulize kolimeta kwanza, fuwele baadaye

Kamera mpya ya gama (ile inayopiga picha ya dawa ya mionzi ikiwa ndani ya mwili) ikitangazwa, kinachopigiwa debe ni kigunduzi: fuwele mpya ya kunasa miale, pikseli ndogo, nishati inayosomwa kwa usahihi zaidi. Sina ugomvi na fuwele. Ila mbele yake kuna bamba la risasi (madini, si ile ya bunduki) lililojaa matundu, yaani kolimeta, na hilo hakuna anayeliulizia.

Miale ya gama haipindishwi na lenzi. Ili kamera ijue fotoni (chembe moja ya miale hiyo) imetoka upande gani, kolimeta huzuia zinazokuja kimshazari na kupitisha zilizonyooka. Chukua kolimeta ya teknesi-99m, elementi ya mionzi inayotumika sana katika picha hizi: matundu ya pembe sita, upana wa milimita 1.5, urefu 35, na kuta za milimita 0.2. Ukipiga hesabu, katika fotoni 10,000 zinazotoka, hupita moja hivi. Tumemdunga mgonjwa dawa ya mionzi, kisha karibu mionzi yote haifiki kwenye kigunduzi.

Sasa tulete kigunduzi kipya. Kile cha kawaida cha fuwele ya iodidi ya sodiamu hukosea mahali fotoni ilipotua kwa milimita 3.5 hivi. Kwa uvimbe ulio sentimita 10 kutoka kwenye kolimeta, kolimeta yenyewe hutia ukungu wa milimita 5.9. Vipimo hivi viwili hujumlishwa kama pande za pembetatu ya Pythagoras, kwa hiyo jumla ni 6.8. Shusha ile 3.5 mpaka 2, jumla inakuwa 6.2. Gharama yote hiyo kwa nusu milimita na ushee!

Acha basi kamera ya zamani ilivyo, lakini isogeze mpaka uvimbe uwe sentimita 5 tu kutoka kwenye kolimeta. Jumla inashuka mpaka 5.1. Nimewahi kumtazama mtaalamu akimwomba mgonjwa apandishe mikono juu ya kichwa, halafu akakishusha kichwa cha kamera polepole, jicho kwenye ufa mwembamba uliobaki kati ya kolimeta na shuka. Hapo ndipo picha ilipookolewa, bila kununua chochote.

Sisemi vigunduzi vipya ni bure. Fotoni ya teknesi yenye keV 140 (keV ni kipimo cha nishati) ikigonga elektroni mwilini na kukengeuka nyuzi 45, hubaki na keV 130 hivi, na kwa dirisha la kawaida la asilimia 20, yaani upana wa nishati ambao kamera inaukubali, inahesabiwa kama iliyonyooka. Kigunduzi cha fuwele mpya ya kadimiamu-zinki-teluraidi husoma nishati kwa usahihi zaidi, hivyo kinaruhusu dirisha jembamba zaidi. Lakini faida kubwa, kwa maoni yangu, huja pale kigunduzi na kolimeta vinapobuniwa pamoja. Kamera za moyo zimeonyesha njia: badala ya matundu sambamba, zipo zinazotumia vitundu kadhaa vidogo kama vya ncha ya sindano, kila kimoja kikitupa picha ndogo ya moyo juu ya kigunduzi. Picha ikiwa ndogo hivyo, pikseli ndogo ni lazima.

Hata matundu sambamba yanaweza kupangwa upya. Yapanue mpaka milimita 2 na fotoni zinakaribia mara mbili, ingawa ukungu wa kolimeta unapanda hadi 7.8. Je, ni hasara? Inategemea unatafuta nini. Nukta ya mionzi iliyowekwa hewani kwa majaribio itasema ndiyo. Uvimbe hafifu ndani ya ini linalong'aa lenyewe unaweza kusema hapana, maana pale kinachokosekana mara nyingi ni fotoni. Ndiyo maana sipendi miundo inayopimwa kwa nukta hewani pekee.

Na ukija kwenye iodini-131, dawa ya mionzi ya tezi ya thairoidi, yenye keV 364, kuta nyembamba hazifai kabisa: miale inazitoboa, na mabaki ya tezi hiyo shingoni yanachora nyota ya ncha sita, ikifuata umbo la matundu.

Kwa hiyo mimi nikiletewa brosha, nafungua ukurasa wa kolimeta. Upana wa tundu, urefu, unene wa ukuta, na kichwa kinaweza kusogea karibu kiasi gani na mtu mwenye mabega mapana. Mara nyingi hilo la mwisho halijaandikwa.