Mchezo wa Sita wa 2013: Popovich Alikosea Kumtoa Duncan?

Zikiwa zimebaki sekunde 28.2, San Antonio Spurs walikuwa mbele 94-89. Ilikuwa usiku wa tarehe 18 Juni 2013 mjini Miami, mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambako anayetangulia kushinda michezo minne ndiye bingwa, na Spurs walikuwa wanaongoza 3-2 dhidi ya Miami Heat. Ushindi ule ungewapa ubingwa wa tano. Wafanyakazi wa uwanja walishatoka na kamba za manjano kuzungusha eneo la kuchezea, tayari kwa sherehe ya kombe. Baadhi ya mashabiki wa Miami walishaondoka vitini na kutoka nje. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mchezo ulianza saa kumi alfajiri, kulikuwa kumekucha, na sisi mashabiki wa Spurs tulishaanza kupongezana kwa simu.

Spurs wakafungwa 103-100 katika muda wa nyongeza. Siku mbili baadaye wakafungwa tena mchezo wa saba, 95-88, na ubingwa ukabaki Miami.

Tangu hapo, kila mashabiki wa Spurs wanapokutana kuzungumzia fainali, swali huwa lile lile: kwa nini kocha Gregg Popovich alimtoa Tim Duncan, mchezaji wao mrefu wa chini ya kikapu? Wengi wameshatoa hukumu. Mimi naona kesi hii haijasikilizwa vizuri, kwa sababu kila upande unasimulia nusu tu ya zile sekunde 28.

Tukumbushane jinsi ilivyokuwa. Manu Ginobili wa Spurs alipiga mitupo huru miwili (ile ya adhabu ya faulo, pointi moja kila mmoja), akafunga mmoja, ndipo ikawa 94-89. Miami walipokwenda kushambulia, Popovich alimweka Duncan benchi na kumwacha Boris Diaw uwanjani. LeBron James, nyota wa Miami, akajaribu mtupo wa pointi tatu, ule wa kutoka nje ya mstari wa mbali, akakosa. Mpira ukagombaniwa chini ya kikapu, ukaponyoka, ukamrudia LeBron mwenyewe, na safari hii akafunga. Sasa ni 94-92, zimebaki sekunde 20.1. Kawhi Leonard wa Spurs akachezewa faulo, naye akafunga mtupo mmoja kati ya miwili: 95-92. Miami wakaja tena, Duncan yuko benchi tena. LeBron akakosa tena. Chris Bosh wa Miami akaruka na kuudaka mpira, Ginobili akiwa pale pale, akampasia mwenzake Ray Allen aliyekuwa anarudi kinyumenyume kuelekea kona ya kulia. Tony Parker akamrukia Allen, akachelewa. 95-95, zimebaki sekunde 5.2.

Wanaomlaumu Popovich wanaanza na hesabu, na hesabu yao ni ngumu kuipinga. Usiku ule Duncan alifunga pointi 30, 25 kati ya hizo kabla ya mapumziko, na akachukua ribaundi 17, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa. Alikuwa na miaka 37, akicheza kama mtu aliyejua kwamba nafasi ya namna ile huenda isirudi. Miami walikosa mara mbili katika dakika ya mwisho, na mara zote mbili wakaupata tena mpira walioukosa wenyewe. Mchukua ribaundi bora kuliko wote uwanjani alikuwa anatazama akiwa amekaa. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na ribaundi ile ya Bosh ilikuwa stahili ya Duncan.

Lakini utetezi wa kocha nao ni mzito kuliko wengi wanavyokubali. Timu iliyo nyuma kwa pointi tatu, saa ikiwa inaisha, ina njia moja kubwa ya kujiokoa, nayo ni kupiga kutoka nje ya mstari. Kwa hiyo ulinzi unatakiwa kuwafuata wapigaji hadi mstarini, na mlinzi mmoja anapozibiwa njia, mwenzake achukue mtu wake papo hapo bila kubishana. Erik Spoelstra, kocha wa Miami, alikuwa anamtumia Bosh kama senta, yaani mchezaji mkubwa wa kati, na Bosh hakuwa senta wa kusimama chini ya kikapu. Alitoka nje, alizibia wenzake njia, na alijua kulenga. Duncan angelazimika kumfuata huko, na pengine kubadilishana mtu na kujikuta anamkaba LeBron peke yake, mita saba kutoka kikapuni, goti lake la kushoto likiwa limefungwa bendeji ya kulishikilia. Diaw alikuwa mzito kwa kumtazama, ila miguu yake ilikuwa myepesi na alisoma mchezo haraka. Kwa kazi ya kukimbizana na wapigaji, Diaw alifaa zaidi.

Kuna hoja ambayo upande wa lawama huikwepa. Hata kama Duncan angekuwepo, nani anasema angekuwa chini ya kikapu? Kama Bosh yuko nje, mlinzi wake naye yuko nje. Picha tuliyoijenga vichwani, ya Duncan akiwa amesimama chini ya kikapu akisubiri mpira uliokoswa umwangukie mikononi, inadhani kwamba Miami wangekubali kumwacha asimame hapo. Wasingekubali.

Nikiweka pande zote mbili mezani, nafika hapa: kumtoa Duncan mara ya kwanza kulikuwa sahihi, kumtoa mara ya pili hakukuwa sahihi.

Mara ya kwanza Spurs walikuwa mbele kwa pointi tano. Ilikuwa halali kabisa kuweka watu wepesi na kulinda mstari, na ulinzi wenyewe ulifanya kazi, kwani mtupo wa kwanza wa LeBron ulikosa. Kilichoharibika ni kilichofuata baada ya kukosa. Na hapo ndipo benchi la Spurs lilipopewa taarifa yote iliyohitajika. Hata wapigaji hodari wa pointi tatu hukosa mara nyingi kuliko wanavyofunga. Maana yake, jambo la kutarajiwa zaidi Miami wakipiga kutoka nje ni mpira kugonga chuma na kurudi. Ukipanga kikosi kwa ajili ya mtupo tu, umepanga kwa ajili ya sehemu ndogo ya hatari. Ubaki na nani wa kugombania kinachorudi? Spurs walikuwa wameonyeshwa jambo hili kwa macho yao sekunde chache kabla, kisha wakarudi na mpango ule ule.

Na kulikuwa na njia nyingine. Aliyetakiwa kupumzika katika ulinzi ule wa pili, kwa maoni yangu, ni Parker. Alikuwa mfupi kuliko wote, hakuwa mzima kabisa baada ya kuumia msuli wa nyuma ya paja katika mchezo wa tatu, na mwisho wa yote ndiye aliyejikuta akimrukia Allen, mtu aliyemzidi urefu wazi. Leonard, Danny Green, Ginobili, Diaw na Duncan wangeweza kusimama pamoja kwa sekunde kumi na tano. Najua pingamizi: Miami wakisawazisha, Spurs wangehitaji kushambulia haraka, na Parker ndiye mleta mpira wao. Ni kweli, lakini Ginobili ameleta mpira maisha yake yote, na huwezi kuacha ribaundi leo kwa ajili ya shambulio ambalo utalihitaji tu ukiikosa ribaundi hiyo.

Lawama ya pili ni kwamba Spurs walipaswa kucheza faulo mapema. Ukiwa mbele kwa pointi tatu, mchezee mpinzani faulo kabla hajapiga, apate mitupo huru miwili, ubaki mbele kwa pointi moja. Hoja hii hainishawishi kama ile ya Duncan. Saa ilikuwa inasoma sekunde 19.4 Miami walipoanza shambulio, muda mrefu mno kwa mbinu hiyo. Ukicheza faulo mapema, unarudi tena kwenye mstari wa mitupo huru, na Spurs walikuwa wametoka kukosa miwili kati ya minne. Tena klabu hii ina kovu lake. Mwaka 2006, mchezo wa saba dhidi ya Dallas Mavericks nyumbani San Antonio, Spurs walikuwa mbele 104-101 zikiwa zimebaki sekunde ishirini na kidogo. Dirk Nowitzki akaingia kwa nguvu, Ginobili akamchezea faulo, mpira ukaingia, mtupo huru nao ukaingia, na Dallas wakashinda katika muda wa nyongeza. Popovich alikuwa kocha siku hiyo pia. Anayesema faulo ni salama hajakaa na kumbukumbu hiyo.

Tunavyomkazia macho kocha, tunasahau mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. Mtupo mmoja tu wa Leonard au wa Ginobili ungebadilisha kila kitu. Leonard alikuwa na miaka 21, amefunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 11 usiku huo akimkaba LeBron, kwa hiyo siwezi kumnyooshea kidole. Kwa Ginobili nalazimika kusema zaidi, ingawa ndiye mchezaji niliyempenda kuliko wote wa kikosi kile. Alipoteza mpira mara nane. Siku mbili kabla, katika mchezo wa tano, alikuwa amefunga pointi 24 na kutoa asisti 10, yaani pasi zilizozaa vikapu, na kila mtu alidhani amezaliwa upya. Mtu yule yule, ujasiri ule ule, pasi zile zile za hatari. Mwanzoni mwa robo ya nne Spurs walikuwa mbele 75-65, na uongozi huo uliyeyuka kwa mipira iliyopotea kabla hata ya kufika kwenye swali la nani akae benchi. Duncan mwenyewe hakufunga pointi hata moja katika robo ya nne na muda wa nyongeza. Alichoka, na Miami walimbana vizuri zaidi.

Waamuzi nitawapitia haraka. Ginobili alipoingia ndani mwishoni mwa muda wa nyongeza kulikuwa na mgusano, na Green alipopiga mtupo wa mwisho Bosh alimfikia kwa karibu sana. Filimbi haikulia mara zote mbili. Waamuzi huwa wagumu kupuliza sekunde za mwisho za fainali, pande zote mbili, na sijengi kesi juu ya hilo.

Miami nao wapewe haki yao. Mike Miller alifunga pointi tatu akiwa na kiatu kimoja tu mguuni. LeBron, kitambaa chake cha kichwani kikiwa kimeshavuka, alimaliza na pointi 32, ribaundi 10 na asisti 11. Green, aliyekuwa amevunja rekodi ya mitupo ya pointi tatu katika fainali zile, aliondoka na pointi tatu tu kwa sababu hawakumpa nafasi ya kupumua. Na Allen: tazama tena miguu yake. Anarudi nyuma bila kutazama chini, anaruka akiwa ndani ya uwanja kwa nafasi ndogo sana kabla ya mstari wa nje, na miguu yote miwili iko nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati. Allen alijulikana miaka yote kwa kujizoeza mitupo ya namna hiyo saa nyingi kabla ya mchezo, viti vikiwa vitupu.

Huwa tunafarijiana kwamba mwaka 2014 deni lililipwa. Spurs waliwakuta Miami tena fainali, wakawashinda 4-1, Leonard akawa mchezaji bora wa fainali, na Diaw, yule yule aliyechukua nafasi ya Duncan, akaanza kwenye kikosi kuanzia mchezo wa tatu na kuwatesa kwa pasi zake. Kwa Duncan, Parker, Ginobili na kocha wao, nakubali kwamba lililipwa. Ila kikosi cha 2013 hakikuwa cha watu wanne. Gary Neal alikuwa amefunga mitupo sita ya pointi tatu katika mchezo wa tatu, ule Spurs walioshinda 113-77. Kiangazi hicho alihamia Milwaukee. Tracy McGrady, mmoja wa wafungaji wakubwa wa kizazi chake, alijiunga na Spurs Aprili 2013 bila kuwahi kuvaa pete ya ubingwa. Alikuwa benchi usiku ule wakati kamba za manjano zinazungushwa. Agosti akastaafu.