Shangazi na Ufagio wa Württemberg
Katika vijiji vya mizabibu vilivyo kando ya mto Neckar, karibu na Stuttgart, katika eneo la Württemberg nchini Ujerumani, mkulima huruhusiwa kugeuza sebule yake kuwa kilabu cha mvinyo kwa sehemu tu ya mwaka, na ishara ya kwamba amefungua ni ufagio unaotundikwa mlangoni. Nilimweleza shangazi yangu habari hizo tukiwa kwenye treni, lakini yeye, kwa kuwa ni mkulima wa zabibu wa Dodoma, alikuwa akikagua mashamba ya watu dirishani na kushangaa wanaolima mahali ambapo jembe likikuponyoka linafika mtoni kabla yako.

Tulipoketi kwa mkulima mmoja, tuliletewa Trollinger, mvinyo mwekundu wa zabibu yenye jina hilohilo, robo lita kwa kila mtu, katika bilauri fupi yenye mkono. Punje za zabibu hiyo ni kubwa, maji yake ni mengi kuliko ganda, na kwa hiyo mvinyo wake hutoka mwepesi, wenye wekundu hafifu na ukakasi mdogo sana. Hunywewa ukiwa umepoa kidogo, kwa mafunda ya kushiba, bila kunusanusa. Shangazi aliinua bilauri kwenye mwanga.

“Mwanangu, hii ni juisi ya rozela. Muulize ameongeza maji kiasi gani.”

Sahani ya Maultaschen, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na spinachi, ilipokwisha, bilauri yake ilikuwa tupu na mkono wake umeshaifikia yangu. Mvinyo huu, kwa maoni yangu, hauombi heshima, unaomba chakula.

Kisha akatoka kupunga upepo, akarudi amechangamka. Tangu hapo hakuingia mgeni hata mmoja. Mwenyeji wetu, aliyewaona majirani wakifika langoni, wakiinua macho na kugeuka, alitoka kuchungulia, akakuta uwanja umefagiliwa hadi barabarani na ufagio umesimamishwa nyuma ya mlango, pale unapowekwa na kila mtu aliyelelewa vizuri.

Nilipomfasiria shangazi malalamiko hayo, hakutikisika.

“Mwambie ufagio hautundikwi juu ya vichwa vya watu wanaokula. Tena mwambie kwetu Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na bado uwanja tunaufagia.”

Mkulima aliposikia habari za mavuno mawili, alisahau ufagio, akavuta kiti, akammiminia shangazi robo nyingine na kuanza kumhoji juu ya mvua, udongo na upogoaji, huku wageni wakiendelea kugeukia langoni, mpaka mke wake alipotoka jikoni kwenda kuutundika mwenyewe, akimtupia mumewe jicho ambalo halikuhitaji mkalimani.