Anaweza kubadilika, lakini nani amsubiri?

Kijana wa miaka 17 anamminya msichana wake kifundo cha mkono kwa sababu amechelewa kujibu meseji. Usiku anaandika: "Nisamehe, ni hasira tu. Ila na wewe ulinichokoza." Kesho yake wamepatana, na msichana amevaa mikono mirefu.

Si kisa cha nadra. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya wasichana waliowahi kuwa na mwenzi, karibu asilimia 24 huwa wamepigwa naye au kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 20. Wavulana nao hupigwa, na wengi hunyamaza wasije wakachekwa.

Je, kijana kama huyu anaweza kubadilika? Wapo wanaosema ndiyo, samaki mkunje angali mbichi. Wana hoja. Huko North Carolina, Marekani, miaka ya 1990, wanafunzi walipewa mafunzo ya Safe Dates, ya kuzuia ukatili kati ya wapenzi: masomo kumi, mchezo wa kuigiza na shindano la mabango. Miaka minne baadaye waliohudhuria waliripoti ukatili mdogo kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Umri ule bado unafundishika.

Upande wa pili unasema aliyepiga jana atapiga kesho. Nao hawasemi ovyo: mafunzo ya kuwarekebisha watu wazima wanaopiga wenzi wao, ambayo mengi yalifuata mfano ulioanzia mji wa Duluth, Minnesota, Marekani, miaka ya 1980, yamepimwa mara nyingi na matokeo yake ni madogo. Mtu anaweza kutoka darasani amekariri maneno mazuri tu.

Mimi kinachonisumbua ni hilo neno hasira. Kijana yuleyule akifokewa na mwalimu mbele ya darasa zima, hutia mikono mfukoni akanyamaza. Breki anazo, anachagua nani wa kumfungia. Kwa hiyo kumfundisha kuhesabu hadi kumi ni kumtibu mguu wakati kidonda kiko mkononi. Anachopaswa kung'oa ni imani kwamba msichana ana deni kwake: nywila ya simu, picha ya kuthibitisha yuko wapi, maelezo ya kila anayemsalimia.

Kwangu mimi ubishi huu umechanganya maswali mawili. Je, anaweza kubadilika? Ndiyo. Je, msichana akae amsubiri? Hapana, kwa sababu atakuwa anafanyiwa mazoezi juu ya mwili wake. Aondoke, na asiondoke kimyakimya bila mtu mzima anayemwamini kujua, maana wakati wa kuachana ndipo wengine huzidi ukali.

Jinsi kijana anavyopokea kuachwa ndipo utamjua. Anaeleza alichofanya bila kuweka "lakini"? Anaacha kutuma marafiki na vitisho vya kujiua? Akifika hapo amejifunza, ingawa huenda atakayefaidi ni mpenzi mwingine kabisa. Wanaomtetea huwa hawapendi kusikia sehemu hiyo.