Sikuwa uchi, nilikuwa na bote

Kwanza tusikilizane: sikuwa uchi. Shemeji yangu, ambaye tangu Jumapili anarusha sauti zake kwenye kila grupu la WhatsApp kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi, anasema nilikuwa uchi. Uongo. Nilikuwa na kaptula ya kulalia. Na bote, zile buti zangu ndefu. Nyie wa Likasi mliopiga simu kumuuliza mke wangu kama tayari nimepelekwa kwenye maombi, salamu zimefika.

Mnaonifuata siku zote mnaijua fermu, shamba letu. Kwa wageni: ni ile nyumba ya matofali mekundu upande wa barabara ya Kipushi, babu aliipata wakati wa zairianizasyo, baada ya Mobutu kutangaza mwaka 1973 kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi. Tangu babu afariki, ukoo mzima umekaa ukiitazama ikianguka, hakuna aliyeleta hata msumari. Mjinga aliyeleta misumari ni mimi. Paa nimelibadilisha nusu. Kile kichuguu kilichoota sebuleni nimekivunja, na udongo wake nimefyatulia matofali, maana mnajua wenyewe, tofali la udongo wa kichuguu ukilichoma linalia kama chuma. Mchwa nimewaweza.

Walionishinda ni mbuzi wa jirani.

Nimepanda kabichi kule chini karibu na kijito. Kila alfajiri, giza bado, wanaingia. Kwa hiyo nina utaratibu: nasikia “meee”, naruka, miguu ndani ya bote, mkono wa kushoto mfuniko wa sufuria, mkono wa kulia mwiko wa bukari, yaani ugali, nafungua geti wazi kabisa, nazunguka nyuma yao, halafu napiga ule mfuniko huku napayuka, “Tokeni! Watoto wa shetani, tokeni!” Wanatoka mbio wote. Nafunga geti, narudi kulala. Wiki sita sasa. Imefika mahali nafanya yote hayo macho yamefumba. Hilo la macho kufumba mliweke pembeni, tutalihitaji.

Mke wangu ndiye aliyesema inatosha, siku aliponikuta nikizozana na pampu ya maji. “Baba, twende kwa mama siku mbili tu, ukalale kama muntu.” Basi Jumamosi tukashuka mjini, Kamalondo, kwa wakwe. Nilioga mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama supu ya nyanya. Nikala michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, nikashushia na Simba ya baridi, ingawa mwezi huu wa saba bia haihitaji friji, unaiweka tu dirishani. Bote nilikuja nazo kwa sababu viatu vyangu vya mjini panya walivimaliza. Mnaocheka, njooni fermu mlale usiku mmoja.

Sasa, mchana huohuo, wakati mimi niko kwenye michopo, watu wa mchumba wa mdogo wake mke wangu walikuwa wameleta mahari. Mbuzi watatu. Waliambiwa watu wote, na nadhani hata mimi niliambiwa, ila nilikuwa natafuna. Mbuzi wakafungwa chini ya mti wa mwembe, hatua nne kutoka dirisha la chumba nilicholala. Tena anayesema niliwafungua kamba amsikilize vizuri mama mdogo: kamba walizitafuna wenyewe usiku. Mbuzi ni mbuzi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. “Meee.”

Ninaloweza kuapa ni kwamba akili yangu haikuwepo. Mwili ndio ulioamka. Miguu ikaingia ndani ya bote. Mkono ukapapasa ukutani, mwiko haukuwepo, ukakuta mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu. Mfuniko nao ulikuwepo, tena wa ile sufuria kubwa ya sherehe, unaolia kama kengele ya kanisa. Nikatoka uani. Baridi ikanipiga kifuani, nikasema moyoni, leo umande ni mkali. Nikawaona watatu wamesimama gizani wanatafuna kitu, na mimi kitu chochote kinachotafunwa gizani ni kabichi yangu. Nikaenda getini taratibu, kwa vidole, nikavuta komeo. Geti la wakwe ni zito, la chuma, lina kelele. Hapo ningetakiwa kujiuliza. Geti langu ni la miti. Sikujiuliza. Nikalifungua lote, mpaka likagota ukutani, nikazunguka nyuma yao, nikainua mchi.

“TOKENI! WATOTO WA SHETANI! TOKENI KWANGU!”

Bwana, walitoka. Sijawahi kuwafukuza vizuri namna ile. Nikasimama katikati ya uwanja, mikono juu kama mtu aliyefunga goli pale uwanja wa Mazembe, nikageuka kurudi kulala. Taa ya kibarazani ikawaka.

Mama mukwe.

Kwa wasio wa kwetu: huyu mama, miaka tisa nimemuoa mwanawe, kwa heshima hatujawahi kula meza moja. Akiwa anakuja njia hii, mimi nakwepa ile. Hata goti langu hajawahi kuliona. Sasa ananitazama na kaptula yenye tundu, bote hadi magotini, mchi wake juu, mfuniko wake kifuani, nimetoka kumwambia mahari ya binti yake ni watoto wa shetani. Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Aligeuza uso ukutani, polepole, akafungua kikwembe, kitenge alichojifunika mabegani, akakirusha nyuma bila kuangalia. Kikaniangukia kichwani. Halafu kwa sauti ndogo kabisa, akiuambia ukuta:

“Mutoto wa bantu, jifunike. Halafu ulete bile bintu.” Vile vitu, yaani mbuzi.

Kilikuwa kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa tatu, Siku ya Wanawake. Haki zote za wanawake zikakaa matakoni mwangu, nikatoka mbio barabarani. Waimbaji wa misa ya kwanza walikuwa wanapita na sare zao. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Shemeji alikuwa nyuma yangu, anakimbia mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

Yaliyobaki ni mafupi. Wawili tuliwapata wanakula maua ya watu. Wa tatu tulimkuta amefungwa kando ya jiko la muuza michopo, ambaye alisema kamnunua kihalali kwa mtoto asiyemjua. Nikamkomboa kwa pesa ya mabati. Faini kwa mama mukwe: kuku wawili na kikwembe kipya, kwa sababu kile hakitaki tena. Ninacho. Nusu ya paa itasubiri.

Jana, Jumanne, alfajiri, fermu. “Meee.” Nikakaa kitandani. Nikamgusa mke wangu begani. “Mama, samahani, hawa ni wa nani?” Akaniambia nirudie swali. Alipomaliza kucheka, kabichi kumi na moja zilikuwa zimekwenda.